Kibaraza cha Nosi

Oddny Skorge alikuwa na mkono mwepesi. Hilo lilijulikana kote kandokando ya fjordi, ule mkono mrefu wa bahari kati ya milima, na watu waliomfahamu walizungumza naye wakiwa wamesimama hatua mbili mbali, hata kama mazungumzo yenyewe yalihusu mvua. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sitini na mmoja, mwenye mabega ya mbeba magunia. Aliwahi kumzaba kofi daktari wa mifugo. Aliwahi kumvunja kidole mtalii mmoja aliyeacha lango la kondoo wazi, halafu akakifunga kidole hicho kwa kijiti na kitambaa, akamnywesha kahawa, akampa mkate wenye jibini ya kahawia na kumwonyesha njia ya kushuka. Mtu huyo alimtumia kadi ya Krismasi miaka miwili mfululizo. 

Shamba lake lilikaa juu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingejenga, na njia ya kwenda Nosi ilianzia nyuma ya banda lake. Nosi ni pua ya mwamba iliyochomoza hewani, na chini yake hakuna kitu mpaka maji, mita mia sita. Kila kiangazi watu walipanda kwa saa tatu ili wakakae kwenye ncha ya pua hiyo, miguu ikining'inia, wapigwe picha. Oddny alikuwa amepanda njia hiyo tangu alipojua kutembea na hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Wanapanda saa tatu kutazama maji," alikuwa akisema. "Maji hayo hayo yapo gatini. Hapo unayatazama umekaa kwenye benchi."

Hata hivyo aliitunza njia hiyo kuliko alivyoutunza mwili wake. Penye tope alitandika mawe, penye vichaka alifyeka, na alipokuta mirundo ya mawe ambayo watalii huijenga kwa kujifurahisha, aliipiga mateke mpaka ikasambaratika. Huku kwetu rundo la mawe linasema pita hapa. Ukilijenga mahali pasipopitika umemdanganya mtu atakayekuja nyuma yako wakati wa ukungu. Miaka miwili nyuma Oddny alikuta bwana na bibi harusi wamekaa ukingoni kabisa, wamekumbatiana, wamekauka kwa woga, hawawezi kwenda mbele wala nyuma, kwa sababu walifuata rundo zuri la mtu asiyejua analolifanya. Aliwatoa mmoja mmoja, akiwashika ukosi kama paka.

Kazi yake nyingine kule juu ilikuwa kondoo. Chini ya Nosi, kama mita nane kutoka ukingoni, pana kibaraza cha mwamba chenye majani mabichi, upana wake kitanda, urefu wake mashua. Kila mwaka kondoo mmoja au wawili huruka kuyafuata majani yale na kushindwa kurudi. Kila mfugaji wa kwetu anajua la kufanya, nalo ni kukaa kimya nyumbani. Ukimshukia kondoo siku ya kwanza bado ana nguvu na woga. Atakukimbia, na hana pa kukimbilia ila hewani. Kwa hiyo unamwacha. Majani yaishe, alie, anyong'onyee. Siku ya tano au ya sita anakuwa amenyamaza, na hapo ndipo unapomshukia kwa kamba. Anakutazama tu, nawe unamfunga kama mzigo. Ni ukatili, lakini mwisho wake kondoo anakuwa hai.

Gjermund, baba yake Oddny, aliitumia kanuni hiyo kwa mtoto wake.

Mtoto mwenyewe hakuwa Oddny. Oddny alipigwa kwa njia ya kawaida, kwa mkanda, kwa kiatu, kwa chochote kilichokuwa karibu, karibu kila siku tangu mama yao alipofariki. Huyu alikuwa mdogo wake, Tormod, ambaye mpaka anatimiza miaka kumi hakuwahi kuguswa, kwa kuwa alifanana na marehemu. Juni moja baba alimshusha kibarazani akamfunge kondoo aliyekuwa amekaa siku tatu tu, maana wiki hiyo Gjermund hakuwa na subira. Tormod akajifungua kamba ili amfunge kondoo. Kondoo akakurupuka, mtoto akapiga kelele, na kondoo akaruka. Walimtazama akienda mpaka akawa kitu kidogo cheupe.  Gjermund aliivuta kamba juu, tupu.

"Kaa hapo mpaka utulie," alimwambia mwanawe.

Kisha alimkabidhi Oddny kamba, naye alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo, akamwambia asiishushe mpaka mtoto anyamaze kabisa, na yeye mwenyewe akashuka nyumbani kulala. Juni huku kwetu haina giza la kusema. Oddny alikaa na kamba katika mwanga ule wa kijivu tangu jioni mpaka asubuhi, na Tormod alinyamaza asubuhi, ndipo alipoishusha.

Siku iliyofuata Oddny aliwaambia watu kwamba upepo ulikuwa mkali, hakusikia chochote, alidhani mtoto amelala. Aliendelea kuwaambia hivyo kwa miaka arobaini na nne. Tormod hakubishana naye. Alipofika miaka kumi na sita aliingia melini, na hata baba yao alipozikwa hakuonekana.

Aliporudi alikuwa na miaka hamsini na moja, mnene, mwenye ndevu nyeupe na meno ya bandia. Alikodi nyumba ya manjano karibu na kivuko, na kazi aliyojichagulia ndiyo iliyomchefua dada yake kupita kiasi: alikuwa akiwapandisha watalii Nosi. Mara mbili kwa wiki alipita nyuma ya banda na msafara wake. Na kila mwaka, siku ya kwanza ya msimu, alisimama mlangoni pa Oddny na kumuuliza swali lile lile.

"Ulinisikia?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Haya. Tutaonana mwakani."

Aliuliza mara tatu, miaka mitatu. Hapo ndipo mambo yalipokuwa wakati Septemba ile ilipofika.

Asubuhi hiyo Oddny alipanda na kamba begani, fimbo mkononi na kapi ya chuma ya kuvutia mizigo mfukoni. Kondoo jike mmoja alikuwa amekaa kibarazani siku ya sita. Kwa kawaida jirani yake Arnfinn ndiye aliyemsaidia kuvuta, lakini Arnfinn alikuwa kitandani baada ya kuwekewa nyonga mpya, na Oddny hakuwa mtu wa kuomba mtu mwingine. Angejifunga kamba, ashuke, amfunge kondoo kwa ncha ya kamba ile ile, apande kwa mikono yake, kisha amvute kwa kapi. Alishafanya hivyo akiwa peke yake, ingawa ni zamani kidogo.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya Nosi alikuta rundo la mawe linalomfika kiunoni. Lilikuwa jipya, na lilikaa upande wa genge. Hakujiuliza mara mbili. Alilipiga teke la kwanza, la pili, akaanza kuyatupa mawe kwa mikono.

"Oddny! Wameyabeba mawe hayo tangu chini!"

Tormod alitokea nyuma ya mwamba na kikombe cha kahawa mkononi, na nyuma yake watu tisa wa mjini Bergen, wafanyakazi wa ofisi moja, wote na majaketi mapya. Mbele yao alikuwa mwanamke mmoja mrefu aliyeitwa Wenche, ambaye alikuwa bado ameshika jiwe lake la mwisho, ameishiwa pa kuliweka.

"Basi wayabebe tena wayarudishe," alisema Oddny.

"Ni kumbukumbu yao."

"Kumbukumbu yao itamtupa mtu majini. Hawa nawasamehe, hawajui kitu. Wewe umezaliwa hapa, Tormod. Wewe una kisingizio gani?"

"Mimi? Mimi ni mgeni hapa. Nilifukuzwa."

"Nani alikufukuza? Uliondoka na miguu yako hiyo hiyo minene."

"Niliondoka kwa sababu dada yangu ni kiziwi." Tormod aliwageukia watu wa Bergen huku akitabasamu. "Mnaona masikio yale? Ni mapambo. Mtoto anaweza kulia mbele yake kutwa kucha, yeye anasikia upepo."

Mmoja wao alicheka, kwa kuwa alidhani ni utani wa kifamilia. Oddny aliinua fimbo yake na kumpiga Tormod nayo sikioni.

Kikombe kiliruka. Tormod alisimama kidogo, akijishika sikio, akatazama kiganja na kukuta damu. Kisha aliikamata fimbo, akaivunja juu ya goti, na kumpiga dada yake ngumi ya mdomo. Haikuwa ngumi ya kutishia. Alimpiga kwa uzito wake wote wa miaka thelathini na tano ya melini, na jino la mbele la Oddny likakatika na kubaki kwenye ulimi. Alilitema. Halafu aliinamisha kichwa na kumvamia tumboni, wakaanguka wote wawili kwenye vichaka, na pale chini wakaanza kupigana kweli kweli, bila maneno, kwa viwiko na magoti na meno. Oddny alimng'ata kidole gumba mpaka akausikia mfupa. Tormod alimkamata nywele na kumgongesha kichwa ardhini, mara moja, mara mbili, na bahati yake ilikuwa kwamba ardhi pale ilikuwa imefunikwa na kuvumwani laini.

Mtu mmoja mwembamba wa Bergen alijitia kuamua, akapata kiwiko cha pua na kurudi nyuma akivuja damu kwenye jaketi lake jipya.

"Jamani!" alipiga kelele Wenche. "Jamani, ninyi ni watu wazima!"

"Ni ndugu," alijibu Tormod akihema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Walichoka, ndiyo sababu waliacha. Walikaa wanatazamana, mmoja ameshika mdomo, mwingine ameshika kidole. Na wakati wamekaa hivyo ukungu ulianza kupanda kutoka fjordini, ukiufunika mwamba mmoja baada ya mwingine.

"Shusha watu wako," alisema Oddny.

Tormod aliutazama ukungu na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akawa mtu wa kazi. Alimwambia Wenche awaongoze wenzake, wafuate mirundo mikubwa ya zamani, wasiache hata mmoja nyuma, na wakifika bandani wasisahau lango. Waliondoka haraka bila kuaga.

"Na wewe ondoka," alisema Oddny.

"Nataka kuona unavyoanguka."

"Hutaona. Lakini ukitaka kukaa, kaa."

Walimalizia mwendo mpaka Nosi wakiwa wameachana hatua ishirini. Oddny alifunga kamba kwenye pete ya chuma ambayo babu yao aliipigilia mwambani, akaijaribu kwa uzito wake, akajifunga kiunoni na kuvua koti lake zito. Damu ilikuwa ikimdondoka kidevuni. Alikuwa na hasira kiasi kwamba mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake mbaya. Alimpita mdogo wake bila kumtazama, akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume.

Kondoo alikuwa amelala. Alimtazama Oddny na hakusimama. Siku sita zilikuwa zimetosha; macho yake yalikuwa makavu na mbavu zinahesabika. Oddny alimwekea mkono shingoni, akamsemesha taratibu kama anavyowasemesha wanyama na kama asivyowasemesha watu. Kisha alijifungua kamba kiunoni ili amfunge yeye, na kabla hajaipitisha chini ya tumbo, kamba ilimponyoka mkononi na kupanda juu.

Alitazama. Ncha ya kamba ilipanda mwamba mzima, ikapinda ukingoni, ikapotea.

"Tormod!"

Juu, viatu vilisogea kwenye changarawe.

"Tormod, shusha kamba."

"Upepo ni mkali," sauti ya Tormod ilisema kutoka juu. "Sikusikii."

Hakukuwa na upepo. Ukungu ulisimama kama ukuta. Oddny alifungua mdomo wake uliovunjika na kumtukana mdogo wake matusi yote aliyoyajua, na alijua mengi, kwa kuwa nyumba aliyolelewa haikuwa na uhaba wake. Aliitukana sura yake, meli zake, meno yake ya bandia. Alimwambia atakachomfanya akishapanda.

"Panda basi," alisema Tormod. "Nipo hapa nakungoja."

Oddny aliokota jiwe kibarazani akalirusha juu kwa nguvu zake zote. Lilisikika likigonga mwamba. Halafu jiwe likarudi, na nyuma yake la pili, kubwa kama mkate. La pili lilimpiga Oddny begani. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi hadi kwenye vidole, akapiga goti moja, na kondoo akashtuka akasimama kwa miguu inayotetemeka, nusu hatua kutoka ukingoni.

"Limekupata?" aliuliza Tormod. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

 Oddny alikuwa amemkumbatia kondoo kwa mkono mzima, uso wake umezama kwenye sufu, akimlaza chini polepole. Alijua kwamba kondoo akiruka atamfuata, si kwa kupenda, ni kwa kuwa asingeweza kumwachia.

Mvua ya barafu ilianza, nyembamba, ya kuchoma. Koti lilikuwa juu, na simu ilikuwa kwenye koti. Oddny alihesabu alichonacho: sweta, viatu, mkono mmoja. Watu wa Bergen wangefika chini baada ya saa mbili, na hata wakipiga simu, hakuna helikopta inayoruka kwenye ukungu ule. Aliamua kupanda bila kamba. Mwamba ule una mipasuko miwili ya kushika, na juu ya hapo ni laini. Alifika urefu wa mtu mmoja na nusu, mkono wa kushoto ukakataa, akateleza. Alishuka na kucha zake zikikwangua mwamba, akaangukia ubavu, na mguu wake mmoja ukapitiliza ukingo na kuning'inia hewani, kama miguu ya wale wa picha.

Hapo ndipo alipoogopa. Aliurudisha mguu kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake, akajibana ukutani pamoja na kondoo, na meno yaliyosalia yakaanza kugongana.

Muda ulipita. Labda saa moja, labda zaidi. Oddny alijua kwamba Tormod yupo, alikuwa akisikia viatu vyake kwenye changarawe. Alimjua pia kwa namna nyingine. Alijua vizuri kabisa jinsi mtu anavyokaa pale juu na kamba miguuni, akisikiliza.

"Unataka nini?" alisema hatimaye, bila kupaza sauti. Haikuhitajika kupaza sauti, mita nane si kitu.

"Unajua ninachotaka."

"Nikisema utashusha?"

"Sijui. Sema tuone."

"Nitakufa hapa, Tormod."

"Hutakufa. Mimi sikufa, na nilikuwa na kaptura."

Oddny alifunga macho. Maji yalimtiririka mgongoni. Angeweza kusema neno moja tu, ndiyo, nalo lingetosha. Aliujua moyo wa mdogo wake, lingetosha. Lakini alikuwa amelishika neno hilo kwa miaka mingi mno, na sasa lilipotoka halikutoka peke yake.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia tangu mwanzo."

Viatu vya juu vilitulia.

"Niliita nani?" aliuliza Tormod.

"Ulianza na baba. Baadaye mama. Halafu ukaniita mimi. Ulisema dada, dada, mpaka sauti yako ikawa kama ya kunguru."

"Na kamba ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeikalia."

 Tormod alipozungumza tena alizungumza kwa upole, na upole huo ulimuuma Oddny kuliko lile jiwe.

"Ulikuwa unamwogopa mzee. Ulikuwa msichana tu. Angekuua."

Maneno hayo yalikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na mtu mwingine yeyote angepita. Oddny aliutazama. Alifikiri jinsi ambavyo angepanda kamba ile na kushuka nyumbani, na kila mtu kando ya fjordi angesema maskini, watoto wale. Hasira ikampanda, na safari hii ilikuwa hasira yake juu yake mwenyewe.

"Baba alikuwa amelala," alisema. "Alikuwa nyumbani, saa mbili chini. Ningekutoa, nikakupa sweta yangu, nikakurudisha alfajiri. Asingejua. Niliwaza hayo yote na sikuyafanya."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu haikuwa mimi." Alilazimika kutema damu ndipo aendelee. "Alinipiga Jumatatu. Alinipiga Jumanne na mkanda, Jumatano na ndoo. Wewe hakukugusa tangu uzaliwe. Ulikuwa unakula supu yako unatazama. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza hasira yake imeenda kwa mtu mwingine, na mimi nimekaa, mzima, hakuna pahali paniumapo. Nikakusikia unalia nikasema, na yeye aonje. Nilifurahi, Tormod. Si usiku mzima. Lakini nilifurahi, na niliogopa kwamba nikishusha kamba itaisha."

 Kisha alisikia sauti ambayo hakuitambua mwanzoni, kwa sababu hakuwahi kumsikia mwanamume mnene wa miaka hamsini na nne akiitoa. Tormod alikuwa akilia kwa nguvu, kwa mdomo wazi, na katikati yake alikuwa akitukana, akimtukana yeye, na baba yao, na kondoo. Oddny alisikiliza yote. Hakuziba masikio na hakuomba msamaha, maana aliona kuomba msamaha kutoka kibarazani ni kama kuomba kamba.

Kilio kilipungua. Mvua ikageuka theluji laini inayoyeyuka ikigusa mwamba. Halafu kitu kikampiga Oddny usoni, kwenye mdomo wenye jeraha, akapiga yowe. Ilikuwa kamba.

"Jifunge," alisema Tormod.

Aliishika. Ilikuwa imelowa na nzito, na vidole vyake havikuwa na hisia, lakini vilijua kazi yao. Alipiga magoti, akaipitisha chini ya tumbo la kondoo, nyuma ya miguu ya mbele, akaivuka mgongoni, akafunga fundo kwa mkono mmoja na meno.

"Umeshajifunga?"

"Vuta."

Kamba ilikazika, kisha ikasimama. Tormod alikuwa ameuhisi uzito, na uzito ulipiga teke.

"Nini hiki? Oddny, umemfunga nani?"

"Kondoo kwanza."

"Wewe mwanamke una wazimu? Jifunge wewe!"

"Siku zote kondoo ni kwanza. Kapi iko kwenye mfuko wa koti."

"Unajua nikishamvuta huyu sina haja ya kuishusha tena."

"Najua."

 Aliuinua mgongo wa kondoo kwa bega lake zima mpaka miguu ikaachana na mwamba, akamwachia. Alisikia kapi ikilia. Kondoo alipanda polepole, akizunguka, miguu minne imening'inia, tumbo lake likapita karibu na uso wa Oddny, kisha likawa juu yake, kisha akawa kivuli cheupe katika weupe wa theluji, kisha hakuwapo. Kibaraza kilibaki kitupu. Palikuwa na majani yaliyolalwa, bado yana joto kidogo, na Oddny akakaa hapo, mgongo kwenye mwamba, mikono katikati ya mapaja.

Juu kulikuwa na vurugu. Kondoo alikuwa amepata ardhi na amekumbuka kwamba hapendi watu. Oddny alimsikia mdogo wake akivutwa kwenye changarawe, akianguka, akilaani sufu na mama wa sufu. Kisha kwato zikaondoka mbio. Oddny alikaa akisubiri, na hakuita.

"Fundo lako limekaza," alisema Tormod mwishoni. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni. Sauti yake ilitokea juu kabisa ya kichwa cha Oddny. "Niliikata kamba kwa kisu imtoke. Sasa nafunga kitanzi kipya. Vidole vyangu havifanyi kazi, umening'ata. Nisubiri."

"Nipo," alisema Oddny.